Kunakili: Sheria na Dhamiri

Kila muhula unapoanza, baadhi ya wanafunzi wetu huja darasani na riwaya nzima zilizotolewa fotokopi. Mwalimu hujikuta njia panda: awakemee kwa kuvunja sheria, au ashukuru kwamba wamekuja na kitabu? Historia ya Kiswahili inaweza kutusaidia.

Kabla ya uchapaji kuenea pwani ya Afrika Mashariki, kunakili kwa mkono ndiko kulikohifadhi maandishi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulihifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner na Ernst Dammann. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, si wizi. Haki iliyotambuliwa zaidi ilikuwa ya kutajwa. Ndiyo maana watunzi wengi walijitambulisha katika beti za mwisho.

Hakimiliki ilizaliwa kwingine, kutokana na mashine ya kupiga chapa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na mingine 14 kama angali hai. Mkataba wa Berne ulifuata mwaka 1886. Tanzania ilitunga sheria yake ya sasa mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, na hapa Uganda mwaka 2006. Sheria ya Uganda ilimlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Je, anayeamini kwamba elimu ni ya wote amekosea? La hasha. Ila tusijifiche nyuma ya Kijumwa. Yeye alinakili mahali ambapo nakala hazikuwapo, wala hakumpunguzia mtunzi riziki. Leo mwandishi wa Kiswahili huishi, akibahatika, kwa nakala chache zinazouzwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi twamtunza vipi?

Sheria yenyewe huacha nafasi kwa mafunzo: mwalimu aweza kutumia sehemu ya kitabu kwa kiasi cha haki, akimtaja mwandishi. Basi sura moja tuinakili, kitabu kizima tukinunue, hata kwa kuchangiana watatu watatu. Kitabu kisichopatikana tena madukani ndicho kinachobaki kuwa mtihani wa dhamiri, na hapo mwalimu aanze kwa kumwomba ruhusa mwandishi au mchapishaji.