Mukuba wetu na povu ya Shituru



Kila mtu wa L'shi anajua shimini na terili. Lakini historia ile ya moto ni nusu tu ya historia ya mukuba. Nusu ingine ni ya maji na umeme.

Union Minière iliundwa 1906, na 1911 ikaanza kuyeyusha shaba hapa mjini. Moshi wenye salfa na vumbi ya metali vilianguka upande moja wa mji kwa miaka mingi. Siye ba agro tunajua matokeo: kule Penga Penga udongo umejaa shaba, mimea ni shida kuota. Wakubwa wetu wa Fakulte ya Agronomia, UNILU, walijaribu kupanda pale majani ya Microchloa kunthii ili yafunike udongo.

1929, kule Jadotville (leo Likasi), kiwanda cha Shituru kikaleta njia ingine: elektrolizi. Jiwe linatiwa asidi ya salfa, shaba inaingia mu maji, kisha umeme unaivuta mpaka inagandama kwenye katode. Mwaka uliofuata barrage ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ikaanza kutoa umeme.

Lakini angalia vizuri. Malakiti, lile jiwe la kijani, ni karbonati. Asidi ikiligusa, povu inatoka, na povu ile ni gazi karboniki. Nilimaliza licence bila kujiuliza hata siku moja gazi ile inaenda wapi. Inaenda hewani.

Je, umeme unaweza kuigeuza gazi karboniki kuwa kitu cha faida? Jibu moja kubwa lilitoka mbali. 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walijaribu katode za metali mbalimbali mu maji yenye gazi ile. Metali nyingi zilitoa monoksidi ya kaboni, asidi ya fomiki, ao hidrojeni tu. Shaba ndiyo ilitoa metani kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo, mukuba!

Shida ni maji yenyewe. Gazi karboniki inayeyuka kidogo sana ndani yake, na maji yanakula umeme na kutoa hidrojeni. Kwa hiyo watafiti wanajaribu pia vimiminika vya organiki, sawa metanoli na asetonitrili. Mu asetonitrili gazi ile inayeyuka karibu mara 8 kupita mu maji, na hidrojeni inapunguka. Lakini nayo iko na deni yake: ni sumu, inawaka moto, na inaomba chumvi ya pekee ili umeme upite. Tena maji yakikosa, mara nyingi inatoka oksalati ao monoksidi ya kaboni, juu metani inahitaji hidrojeni ndani yake.

Kazi ile ingali mu laboratware, na inakula umeme mingi. Umeme ule ukitoka kwa makaa, hakuna faida. Siye tuko na mito, tuko na shaba, na karibu miaka 100 ya elektrolizi mu mikono ya babu na baba zetu. Lakini katode tunauza, na maswali tunaachia wengine.

Wewe wa chimie, wa poli, wa agro: povu ya Shituru, nani ataanza kuiuliza?