Ganda la Dunia Chini ya Milima ya Usagara na Jinsi Lilivyopimwa

Msafiri atokaye Morogoro kwa njia kuu iendayo Iringa, akisha kuupita mlima wa Uluguru na kuingia katika hifadhi ya Mikumi, huiona upande wake wa kuume, ng'ambo ya uwanda wa Mkata, safu ya milima ya Usagara, ambayo mji wa Kilosa umejengwa chini yake, na ambayo wenyeji huigawa kwa majina ya Ukaguru na Rubeho. Milima hii imeandikwa mengi kwa sababu ya misitu yake, ndege wake na mito yake. Lakini iko habari nyingine, isiyojulikana sana na watu wa kawaida, nayo ni ya wale waliotaka kujua, bila ya kuchimba hata shimo moja la kufika huko, kilichomo chini ya milima hii kwa kina cha kilomita thelathini na arubaini.

Asili ya swali hili ni Bara Hindi, ambako wapima ardhi wa Kiingereza, katikati ya karne ya kumi na tisa, waliona ya kuwa timazi yao, ambayo ilipasa ivutwe upande na uzito mkubwa wa Himalaya, haikuvutwa kwa kadiri iliyotazamiwa. John Henry Pratt, kasisi mkuu wa Calcutta, aliifanya hesabu hiyo na kuipeleka London, na mwaka ule ule wa 1855 George Airy, mnajimu wa Kifalme, akaijibu kwa fikra ambayo mpaka leo haijapitwa: kwamba milima ina mizizi ya mawe mepesi iliyozama ndani ya tabaka zito la chini, mfano wa magogo yanayoelea mtoni, ambayo lile litokezalo juu zaidi ndilo lililozama zaidi.

Hoja hiyo ilifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1899 na 1900, nchi ilipokuwa mikononi mwa Wadachi, Ernst Kohlschütter, akifuatana na askari aitwaye Hans Glauning, alizunguka na penduli za kupimia nguvu ya uvutano, na matokeo yake yakachapishwa Ujerumani mwaka 1907. Penduli hizo ni fimbo fupi, fupi kuliko mkono wa mtu. Penye uvutano mwingi fimbo hubembea upesi, penye uvutano haba hukawia, na tofauti itafutwayo ni ya sehemu za milioni, hata saa ya kulinganishia hapana budi isahihishwe kwa kutazama nyota usiku. Vyombo vya ulaini wa namna hiyo vilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, milima na mabonde, na mimi nahesabu ya kuwa wapagazi hao, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya elimu, walikuwa na sehemu yao katika elimu hiyo.

Baadaye, mwaka 1933 na 1934, Edward Bullard wa Cambridge alikuja na penduli bora zaidi, akapima Kenya, Uganda na Tanganyika, akaona ya kuwa nyanda zetu za juu, kwa jumla, zinaelea kama alivyosema Airy. Juu ya Bonde la Ufa alikosea, kwa kuwa alilidhani limekandamizwa kutoka pande mbili, ilhali limetanuliwa. Walakini vipimo vyenyewe vilikuwa vya kweli, na walio baada yake walivitumia.

Walikuwako pia wengine walioyasoma mawe yenyewe. Arthur Holmes, ambaye alipokuwa kijana alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, ndiye aliyetoa, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1951, jina la Ukanda wa Msumbiji kwa mfululizo wa miamba iliyokunjwa na kuokwa, ambayo hutambaa kutoka kusini ikapita Tanganyika na Kenya hata kaskazini. Mwaka 1964 Sampson na Wright walitoa kitabu cha miamba ya Uluguru kwa Idara ya Jiolojia ya Dodoma. Na mwaka 1994 Profesa Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Jean-Luc Lenoir, walipima umri wa punje ndogo za zirkoni na kuthibitisha ya kuwa miamba hiyo iliokwa baina ya miaka milioni 600 na 700 iliyopita.

Atakaye ushahidi kwa macho yake na aliokote jiwe la Uluguru: ataona mistari myeupe na myeusi iliyopindana, na ndani yake vito vyekundu vya ganeti. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kiel, Appel, Möller na Schenk, walipochunguza madini ya mawe kama hayo na kueleza matokeo yao mwaka 1998, walikuta yaliumbika katika joto la nyuzi 800 hivi za sentigredi, chini ya uzito wa zaidi ya kilomita thelathini za mwamba. Maana yake ni kwamba ganda la kina, ambalo kwingineko halionekani kabisa, hapa limepandishwa juu, likamomonyolewa kifuniko chake, na leo mbega wanaishi juu yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo: ikiwa kiasi hicho kimekwisha kuondoka juu, chini kimebakia kiasi gani? Mwaka ule ule wa 1994 Andrew Nyblade wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na wenzake wa Tanzania na Marekani, walianza kuweka vituo ishirini vya kupimia mitetemo, vikiwa mistari miwili iliyoikata nchi, vikakaa hadi mwaka 1995. Kituo ni shimo lililosakafiwa, chombo ndani yake, na nje kibamba cha jua cha kutia umeme. Kazi yake ni kungoja zilizala za mbali. Wimbi la kwanza la zilizala, likipanda kutoka chini na kupenya mpaka baina ya ganda na tabaka la chini yake, mpaka uitwao Moho kwa ajili ya Andrija Mohorovičić, aliyeutambua kwa mtetemeko wa mwaka 1909 huko kwao Kroatia, sehemu yake hugeuka ikawa wimbi la aina nyingine, lenye mwendo wa taratibu, likafika sekunde nne na nusu hivi baada ya mwenziwe. Kwa kuzipima sekunde hizo hupatikana kina. Mwaka 1997 Robert Last, Nyblade na wenzao walitangaza kwamba chini ya Ukanda wa Msumbiji ganda lina unene wa kilomita 36 hadi 39, na chini ya mwamba kongwe wa katikati ya nchi kilomita 37 hadi 42. Fred Tugume wa Uganda, pamoja na wenzake, walipolitazama tena jambo hili mwaka 2012 kwa vituo vingi zaidi vya Afrika ya Mashariki, walikuta pia ya kuwa ganda la kale sana na lile lililofuata hayatofautiani sana kwa unene.

Basi mzizi wa mlima hauko. Lakini tukizijumlisha kilomita thelathini na kitu zilizokwisha kuondoka juu ya Uluguru na kilomita thelathini na kitu zilizobakia chini, tunapata takriban sabini, na hiyo ndiyo kadiri ya ganda la Tibet leo. Kwa hesabu hiyo, mahali wanapojilisha tembo wa Mikumi palisimama zamani milima ya jinsi ya Himalaya, ikaliwa na mvua na mito kwa dahari nyingi, na kwa kadiri ilivyopungua juu, mzizi wake ulipanda na kupungua vile vile. Haki yanitaka niseme kwamba si wote wanaokubali jumla hii nyepesi: Appel na wenzake waliona katika mawe yao dalili kwamba joto lilitangulia uzito, jambo linaloelekea kwamba zaha nyingi ilijazana chini ya ganda kabla ya mabara kugongana, na ikiwa ni hivyo sehemu ya unene ule ililetwa na moto wa chini, si na kukunjwa. Mimi naona hoja zote mbili zaweza kukaa nyumba moja, kwa kuwa muda uliopita ulitosha kwa yote mawili.

Kuinuka kwa Usagara na Uluguru tunakokuona sasa ni jambo jingine, la karibuni zaidi sana: ni nyufa zilizoukata mwamba, upande mmoja ukapanda, na upande wa Mkata na Kilombero ukashuka na kujaa mchanga na matope. Mashapo hayo yametafutwa mafuta. Mwaka 2012 kampuni ya Swala ilitia sahihi mkataba wa kitalu cha Kilosa na Kilombero, ikapima kwa ndege na kwa mitetemo ya kutengenezwa na watu. Vipimo vya namna hiyo, kama vile ule upimaji wa sumaku kwa ndege uliofanywa nchi nzima baina ya 1977 na 1980, hueleza vizuri mambo ya kilomita chache za juu, lakini Moho ni jambo jingine, nalo hutaka zilizala.

Na vituo vya mwaka 1994 vilitengana mno, hata mahali ambapo miamba ya kale sana ya magharibi ya Kilosa inakutana na miamba ya Uluguru, yaani fundo lenyewe la mabara mawili, palipitwa kwa hatua ndefu. Reli ya kwanza ilipita Kilosa wakati wa Wadachi, na reli mpya, iliyofika Dodoma mwaka 2024, imetoboa mahandaki katika vilima vile vile. Njia ya mstari wa vipimio, kila kilomita tano chombo kimoja, kutoka Mikumi kupitia Kilosa hadi Gulwe, imekwisha kulimwa na wahandisi. Chuo kikuu chetu na watu wa jiolojia wa Dodoma wanayo elimu ya kuutandika, na naomba uanze kutandikwa wakati wangali wako wanafunzi waliofundishwa na watu wa mwaka 1994.