Kabla ya Boxer: Safari Ndefu ya Swichi Hadi Kufika kwenye Kidole Gumba cha Dereva Boda

Panda boda usiku kutoka Sabasaba kwenda UDOM, halafu tazama kidole gumba cha kushoto cha dereva. Hakitulii. Honi, indiketa, taa kubwa, taa ndogo, vyote viko pale pale na mkono haubanduki kwenye usukani. Wengi wanadhani pikipiki ilizaliwa hivyo. Wapi! Ilichukua zaidi ya nusu karne, na Dodoma imeona karibu kila hatua.

Anza na 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Jenerali van Deventer, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa wanaipigania Uingereza, lilitoka Kondoa na mwisho wa Julai likaingia Dodoma na kuikata reli ya Mjerumani. Kwenye kampeni ile walikuwemo askari wa pikipiki, juu ya BSA zilizotengenezwa Birmingham. Jina la jenerali lipo vitabuni. Wale waliokula vumbi juu ya pikipiki, wengi hakuna anayewajua.

Usukani wao ulikuwa umejaa vijiti: cha mafuta, cha hewa, cha breki. Swichi? Hakuna. Cheche ya injini ilitoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme chenyewe injini ikizunguka, kwa hiyo hata betri haikuwepo. Taa za zama zile zilikuwa za kabaidi: maji yanadondokea mawe ya kabaidi, gesi inatoka, unaiwasha kwa moto. Yaani swichi yako ilikuwa kiberiti. Giza likikukuta porini, unasimama, unashuka, unawasha, ndiyo unaendelea.

Baada ya vita umeme ukaanza kuingia kwenye taa. Dainamo, betri ya volti 6, na vifaa vya kampuni ya Lucas, nayo ya Birmingham. Ila swichi kuu ya taa mara nyingi ilikaa kwenye taa yenyewe, mbali na mkono. Kwenye usukani vilifungwa vitu viwili tu, kitufe cha honi na kiswichi cha kupandisha na kushusha mwanga, kila kimoja na kibano chake. Kuwasha taa ukiwa kwenye mwendo kulimaanisha kuachia usukani. Piga hesabu: kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde moja unapita karibu mita 14. Sekunde mbili za kupapasa swichi ni mita 28, na barabara ya Dodoma ina punda, ina mbuzi, ina lori bovu lisilo na taa ya nyuma.

Hapo ndipo mafundi wasio na majina wanapoingia. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta Kongwa mradi mkubwa wa karanga, na matrekta kibao. Mradi ukafeli vibaya, takriban pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Lakini vijana wengi walijifunza pale udereva na ufundi. Karanga zikafa, spana zikabaki mikononi mwa watu.

Na mashine za Uingereza zilitaka fundi mwenye akili. Honi ya pikipiki nyingi za kizamani ilikuwa na waya mmoja tu unaofika kwenye kitufe. Njia ya kurudi ilikuwa chuma cha usukani wenyewe. Kutu au rangi ikiingia chini ya kibano, honi kimya. Asiyejua ananunua honi mpya. Anayejua anakwangua rangi, anakaza kibano, honi inalia.

Mapinduzi yakatoka Japani. Miaka ya 1960 Honda na wenzake walizidi kukusanya swichi ndani ya kasha moja karibu na mkono. Lucas wakajibu mwaka 1971 na makasha yao kwenye Triumph na BSA, lakini muda ulishaisha. Mwaka 1973 BSA ikaanguka na kumezwa.

Sasa kitu cha kushangaza. Usukani wa Waingereza wengi ulikuwa na unene wa inchi 7/8, sawa na milimita 22. Mjapani akautumia. Mhindi akautumia. Pima usukani wa Boxer pale kijiweni: milimita 22. Ndiyo maana mwenye BSA ya babu anaweza kufunga swichi ya Boxer na ikakaa kabisa.

Ila kuna mitego. Ndani ya kasha la kisasa mara nyingi kuna kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani, na usukani wa kizamani hauna tundu. Usitoboe, chuma kitapungua nguvu. Kata kijino kwa tupa. Pili, pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zimeunganishwa chanya kwenye bodi, si hasi kama Boxer. Ukifunga taa za LED bila kuangalia, haziwaki au zinaungua. Tatu, weka fyuzi.

Na ninyi mnaofunga taa za urembo kwenye boda, swichi mnaining'iniza na selotepu karibu na tenki, mnarudi zama za Lucas bila kujua. Watu walihangaika miaka hamsini ili mkono usitoke kwenye usukani. Kama kidole gumba hakiifikii, hiyo swichi imekaa pabaya, hata ingekuwa inawaka kama disko.

Boda yako ya mwisho, swichi zilikuwa zinafanya kazi zote? Dondosha jibu hapo chini. Na kama kwenu kuna mzee aliyeendesha BSA au Triumph, kamuulize aliwashaje taa usiku, uje uandike.