Kipa Mpya Hahukumiwi kwa Siku Moja

Lubunga ndiyo komuni pekee kati ya sita za Kisangani iliyoko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Kijana wa huko anayetamani kudaka mipira katika Uwanja wa Lumumba, kwa jezi ya AS Nika au TS Malekesa, huanza kwa kuvuka mto. Akishasajiliwa, msimu ukimalizika, viongozi wa klabu hukabiliwa na swali zito: kipa huyu mpya aongezewe mkataba, au atafutwe mwingine? Wengi hujibu kwa kukumbuka bao la mwisho alilofungwa. Historia ya soka ya Kongo inatufundisha njia nyingine: kipa apimwe kwa msimu mzima, pamoja na ukuta wa mabeki aliowekewa na hali ya timu nzima.

Ushahidi mkubwa ni wa Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani Magharibi. Kazadi Mwamba hakuwa kipa wa kubahatisha: mwaka 1968 Kongo ilipoifunga Ghana 1-0 mjini Addis Ababa na kutwaa Kombe la Afrika, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano. Lakini tarehe 18 Juni 1974, Yugoslavia ilipofikisha mabao 3 mapema dhidi ya Kongo, kocha Blagoje Vidinić, ambaye naye alikuwa kipa enzi zake, alimtoa dakika ya 21 na kumwingiza Tubilandu. Bao la nne liliingia dakika iliyofuata. Kufikia mapumziko yalikuwa 6, na mwisho 9-0. Kubadilisha kipa hakukuziba pengo lolote, kwa sababu pengo halikuwa langoni: wachezaji walikuwa wamevunjika moyo kwa kukosa marupurupu waliyoahidiwa, na ulinzi ulikuwa umelegea kabisa. Siku nne baadaye Kazadi alirudi langoni dhidi ya Brazil.

Watakaopinga watasema kwamba hata dhidi ya Brazil, shuti la Valdomiro lilimponyoka Kazadi likawa bao la tatu, lile lile ambalo Wabrazili walilihitaji ili kusonga mbele. Ni kweli, na kosa la kipa halifichiki kama la mshambuliaji. Lakini klabu inayomfukuza kipa kwa kila kosa hubaki ikianza upya kila mwaka, na mabeki hawapati muda wa kuizoea sauti ya aliye nyuma yao. Kinyume chake, kipa Robert Kidiaba alijiunga na klabu ya TP Mazembe mwaka 2002. Ligi ya Mabingwa Afrika waliitwaa 2009 na 2010. Desemba 2010, akiwa na miaka 34, alisimama langoni Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Februari 2015, akiwa na miaka 39, aliisaidia Kongo kupata nafasi ya tatu Afrika kwa mikwaju ya penalti.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha: Mazembe ilikuwa na tajiri, klabu za Kisangani hazina. Hoja hiyo inapunguza urefu wa mkataba, haiondoi haki ya kipa kupimwa vizuri. Kwa klabu yenye mfuko mdogo, uamuzi wa busara ni kumwongezea msimu mmoja, kumlipa kwa wakati, na kumpa mwalimu wa makipa. Akishindwa baada ya hapo, aachwe kwa heshima. Viongozi, kabla ya kumnyima kipa mkataba, someni mabao yote ya msimu moja baada ya jingine, kisha mjiulize ni mangapi yalikuwa yake kweli.