Isale: Ishara ya Msamaha na Amani kwa Wachagga

Wachagga wanaishi katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Lugha yao ina lahaja nyingi, kama vile Kimachame, Kivunjo na Kirombo, nazo zinatofautiana kiasi kwamba mtu wa Machame na mtu wa Rombo huona wepesi zaidi kuzungumza Kiswahili. Hata hivyo, ipo ishara ambayo wote huielewa pasipo mkalimani: jani la isale.

Mmea wenyewe

Isale (wingi masale) ni mmea wa majani marefu ya kijani, ambao wataalamu huuita Dracaena fragrans. Kipande chake kikichomekwa ardhini huchipua, na kwa sababu hiyo hupandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo kihambani familia huishi, na humo huwazika marehemu wake. Hata makaburini masale hupandwa. Hivyo mmea huu unagusa ardhi, ukoo na wafu, na hayo ndiyo mambo yanayowafarakanisha ndugu mara nyingi.

Namna ya kuomba msamaha

Kwa desturi, aliyekosa haendi mikono mitupu. Humtuma mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, au huongozana naye, akichukua jani la isale ambalo mara nyingi limefungwa fundo. Kosa hutajwa waziwazi. Kulipokea jani ni kukubali kusikiliza. Kulikataa huhesabiwa kuwa jambo zito mbele ya ukoo mzima. Fidia ikiwa imekubaliwa, wahusika hunywa pamoja mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Kanisa lafundisha nini?

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Kilema mwaka 1890, wakakuta watu wanaomtaja Mungu kwa jina la Ruwa na wenye njia zao za kutafuta amani. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Africae Munus wa mwaka 2011, aliwaalika Maaskofu wa Afrika wazichunguze kwa kina ibada za jadi za upatanisho. Alisisitiza pia kwamba haziwezi kuchukua nafasi ya Sakramenti ya Kitubio. Isale hutengeneza uhusiano wa mtu na jirani yake. Maondoleo ya dhambi hutoka kwa Kristo kwa njia ya Kanisa lake. Mwamini anayepeleka isale na kisha kwenda kuungama anatimiza wajibu wote wawili, na hakuna sababu ya kuona haya kwa lolote kati ya hayo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Inatokea mjane kuondolewa kihambani, au binti kunyimwa sehemu yake kwa kuwa ni mwanamke, kisha wakaletewa isale ili wanyamaze. Hilo si upatanisho. Desturi yenyewe hudai kosa litajwe na fidia itolewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila zinazowanyima wanawake haki ya kumiliki na kutumia ardhi, na Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kinatuonyesha Mungu akiwapa haki mabinti wa Selofehadi waliodai urithi wa baba yao. Msamaha hauifuti haki ya aliyeonewa.

Hitimisho

Kila Desemba, Wachagga wengi hurejea nyumbani kutoka mijini, na mara nyingi mashauri ya vihamba hufunguliwa siku hizo. Tunawasihi wazazi wawafundishe watoto wao maana ya isale kwa lugha ya nyumbani, wazee wakubali kutumwa, na wenye kinyongo watangulie kupatana kabla ya kuleta sadaka zao altareni, kama Bwana alivyoagiza katika Injili ya Mathayo, sura ya 5. Aliyetwaa kisicho chake akirudishe kwanza, ndipo apeleke jani.