Bwaga Moyo: Santuri ya Banjo na Njia ya Rufiji

Mwaka 2005 mpiga banjo mashuhuri wa Marekani, Béla Fleck, alizuru Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiitafuta asili ya ala yake. Alikulia kisanii katika blugrasi, muziki wa nyuzi wa kusini mwa Marekani, na safari hiyo ikazaa santuri ya vipande 18 iliyotoka mwaka 2009, Throw Down Your Heart. Jina hilo ni tafsiri ya maneno mawili ya Kiswahili, bwaga moyo, yanayosimuliwa kuwa ndiyo chimbuko la jina la Bagamoyo. Mwaka 2010 santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy, na kipande chenye jina lilo hilo kikapata ya pili. Banjo ilisifiwa, mwambao uliokopesha jina ukasahauliwa.

Mkopo huo wafaa kupimwa. Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, na miongoni mwa jamaa zake ni akonting, ala ya nyuzi tatu ya Wajola wa Gambia na Senegali. Waliovushwa huko hawakupita Bagamoyo. Hata kipande kilichobeba jina kilipigwa pamoja na mafundi wa Mali. Misiba miwili, wa magharibi na wa mashariki, imevikwa kanzu moja.

Nalo jina lenyewe lina tafsiri mbili. Wako wasemao kuwa mateka walioiona bahari walibwaga moyo kwa kukata tamaa. Wengine, wakiwamo wanahistoria, huona kuwa wenye neno ni wapagazi, khasa Wanyamwezi, walioshusha pembe za ndovu baada ya mwendo wa miezi, na moyo ukapumzika pamoja na mabega. Santuri ilichagua kilio; huenda neno lilizaliwa katika faraja.

Kilio kilikuwa na njia nyingine. Bandari kuu ya biashara ya watumwa katika mrima wa kusini ilikuwa Kilwa Kivinje. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuifunga biashara hiyo baharini, nao wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa kuelekea kaskazini, ikavuka Mto Rufiji, ikapita katika nchi ambayo leo ni ya Kibiti na jirani zake, na kuendelea hadi Pangani. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyeifuata njia hiyo, alihesabu mateka 4,096 katika mwezi mmoja, tangu Disemba 1873 hadi Januari 1874. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Rufiji, pamoja na mikoko na mashamba yake ya mpunga, haikupewa jina zuri la kutafsirika, na kwa hiyo haimo katika santuri.

Yumo, hata hivyo, Anania Ngoliga, mwimbaji asiyeona, fundi wa ilimba, ala ya vidole ya Wagogo. Maandishi ya santuri humweka katika safu ya waalikwa, ilhali Fleck ndiye aliyekuja kwake akiwa na ala begani. Sauti yake imo katika "Kabibi", na tena katika kipande cha mwisho, "Dunia Haina Wema", ambapo ilimba na banjo hujibizana kama watani wawili barazani. Humo hakuna jina lililokopwa wala msiba uliovishwa nguo ya mwengine. Kuna Kiswahili kikisema chenyewe, nacho hakihitaji mkalimani.

Msikilizaji wa mwambao na aanzie hapo mwisho. Akiisha kumsikia Ngoliga, arudi kwenye jina la santuri na kuwakumbuka pia wale waliovuka Rufiji kwa miguu, ambao hakuna aliyewauliza mioyo yao waliibwaga wapi.