Mgeni akipiga hodi kwenye gemu: kwa nini kumkaribisha ni jambo zito

Mama mmoja alitutumia ujumbe wa sauti baada ya kipindi cha jioni. Kijana wake wa miaka 15 alikuwa ameondolewa kwenye kikundi cha gemu anayocheza kwa simu, na kwa siku mbili hakutaka kula vizuri wala kuzungumza na mtu. Mama alitaka kujua kama hilo ni jambo la kulichukulia kwa uzito au ni utoto tu.

Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nilimjibu kwa kifupi: lichukulie kwa uzito. Ndugu msikilizaji, hapa naeleza kwa urefu kwa nini nilijibu hivyo, na nini kifanyike ili anayeingia kwenye kikundi kama hicho apate nafasi yake.

Gemu za kuigiza ni zipi?

Kuna gemu za kuendesha magari, za mpira na za kupiga risasi. Katika gemu ya kuigiza, wewe unakuwa mtu mwingine. Unachagua jina, sura, kazi na tabia: mganga, mpiganaji, mfanyabiashara, mpelelezi. Huyo ndiye mhusika wako. Wachezaji wengine nao wana wahusika wao. Mnakutana katika dunia ya kubuni, mnazungumza, mnasafiri, mnapigana na majitu, na jioni mnakaa kupiga soga.

Aliyewahi kucheza mchezo wa baba na mama utotoni anaelewa tayari. Mmoja ni baba, mwingine mama, mwingine mtoto mgonjwa, na kila mmoja anaishi nafasi yake. Anakumbuka pia uchungu wa yule aliyeambiwa, "Wewe hatukutaki."

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo uliochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutengeneza gemu iliyoitwa MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Ilikuwa ya maandishi matupu, lakini watu wengi waliweza kuingia kwa pamoja kupitia kompyuta. Baadaye zikaja zenye picha, na mojawapo ya zilizovuma zaidi ni World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka mwaka 2004.

Gemu kubwa kama hiyo inahitaji kompyuta. Lakini kuigiza kwa maandishi kunawezekana hata kwenye kundi la WhatsApp au Telegram: mmoja anaandika mhusika wake amefanya nini, mwingine anaendeleza. Kwa mwenye bando dogo, hiyo ni nafuu.

Wachezaji hujiunga katika vikundi vya kudumu vyenye jina, viongozi na masharti. Ukitaka kuelewa vikundi hivyo, fikiria kikoba: watu wanafahamiana, wanategemeana, na asiyeonekana siku ya mkutano anaulizwa yuko wapi.

Kijana wa Norway aliyedhaniwa hana rafiki

Mats Steen alikuwa kijana wa Norway. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kutembea, na hatimaye hata kupumua kunakuwa kazi. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Kadiri mwili ulivyodhoofika, ndivyo alivyozidi kukaa mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Inakadiriwa kuwa katika miaka kumi ya mwisho ya maisha yake alicheza kati ya saa 15,000 na 20,000.

Wazazi wake walimpenda na kumtunza, ila walihuzunika. Walimwona mtoto aliyefungiwa chumbani, asiye na marafiki, asiyepata nafasi ya kumfaa mtu yeyote. Mats alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25.

Alikuwa na ukurasa wa mtandaoni alikoandika habari za maisha yake. Baba yake aliutumia kutangaza msiba, akidhani watakaosoma ni wachache. Zikaanza kumiminika barua pepe za rambirambi kutoka nchi mbalimbali, kutoka kwa watu ambao familia haikuwahi kuwasikia. Walimlilia Ibelin. Hilo ndilo lilikuwa jina la mhusika wake, mpelelezi hodari aliyekimbia kila asubuhi katika dunia ile, wakati Mats mwenyewe hakuweza kusimama.

Kupitia barua hizo wazazi walijua mambo mapya. Msichana mmoja wa Uholanzi alipozuiwa na wazazi wake kucheza kwa sababu ya masomo, Mats aliwaandikia wazazi hao barua kumtetea. Mama mmoja wa Denmark alikuwa na kijana mwenye usonji aliyeona shida kukumbatiwa. Mats aliwasaidia mama na mwana kukaribiana, kwanza kwa wahusika wao kukumbatiana ndani ya gemu. Baadhi ya wachezaji wenzake walisafiri kutoka nchi zao kwenda kumzika. Mmoja wao alisimama akawaeleza waombolezaji kwamba saa hiyo hiyo mishumaa ilikuwa inawaka kwa ajili ya Mats huko Uholanzi, Ireland, Sweden na kwingineko.

Kisa hiki kilitengenezewa filamu ya maisha halisi, The Remarkable Life of Ibelin, iliyoongozwa na Benjamin Ree na kuoneshwa mara ya kwanza mwaka 2024. Filamu haimfanyi Mats malaika. Kuna kipindi aligombana na wenzake na kuwaumiza, na kwa miaka mingi aliwaficha ugonjwa wake. Walipoujua, hawakumwacha.

Kikundi chake kiliitwa Starlight, na kilikuwa na utaratibu wa kumpokea mtu. Huwezi kujitumbukiza tu. Kwanza upendekezwe na mwanachama, kisha upite kipindi cha majaribio cha mwezi mmoja au miwili, ndipo uhesabiwe mwenzao. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi husoma methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama ukarimu. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa wenyeji. Mats alipewa jembe: alikuwa na kazi, watu walimsubiri, na asipoingia walimuulizia.

Kwa nini watu hufungiwa mlango?

Mara nyingi hakuna aliyekaa kikao kuamua kumtenga mtu. Hutokea kwa mazoea.

Ya kwanza ni ugeni wenyewe. Mchezaji mpya hukosea, hufa haraka, huchelewesha wenzake. Wazoefu wanasahau kwamba nao walianza hivyo, wanamtukana au wanamtoa.

Ya pili inatuhusu sisi wa vijijini: mtandao na simu. Mtu yuko katikati ya pambano, mawimbi yanakatika au chaji inaisha. Wenzake wa mjini wanadhani amekimbia makusudi. Wapo waliowahi kutolewa kwenye vikundi bila kosa lingine zaidi ya hilo.

Ya tatu ni lugha. Kundi linazungumza Kiingereza, anayeandika Kiswahili anachekwa. Au kundi linazungumza Kiswahili, na yule wa lafudhi ya kwao anaigizwa kila akifungua mdomo.

Ya nne ni jinsia. Wasichana wengi huzima kipaza sauti au huchagua jina la kiume, kwa sababu wakisikika tu maswali ya ajabu na matusi huanza.

Ya tano ni ulemavu. Asiyesikia vizuri anashindwa kikundi kinapotumia sauti pekee. Mwenye vidole vizito anaandika polepole, na kabla hajamaliza sentensi mazungumzo yamekwisha kuhama.

Gemu yenye alama ya chipukizi

Baadhi ya watengenezaji wameona tatizo hili na kuliwekea dawa. Katika gemu ya Final Fantasy XIV ya kampuni ya Square Enix ya Japani, mchezaji mpya huwekewa alama ya chipukizi la kijani karibu na jina lake. Kila anayemwona anajua huyu bado anajifunza. Wazoefu waliotimiza masharti wanaweza kuwa walezi, wakapewa alama ya taji, na kuna ukumbi wa mazungumzo ambamo wapya huwauliza maswali.

Kuna mambo mengine mawili ya kuiga. Kundi likimaliza kazi likiwa na mtu ambaye hajawahi kuifanya, wote hupata zawadi ya ziada, hivyo mgeni anakuwa baraka badala ya mzigo. Tena baada ya kazi kila mchezaji anaweza kumpa mwenzake mmoja alama ya pongezi.

Ukiwa mwenyeji, fanya haya

Huna haja ya kumiliki kampuni ili ufanye hivyo. Hata kundi la watu 10 kwenye simu linaweza.

Mtaje mgeni kwa jina. Msimamizi akimwingiza mtu, aseme ni nani na nani amemleta. Kundi likinyamaza mgeni akiingia, ni sawa na kumwacha amesimama mlangoni.

Mpe mwenyeji mmoja. Mtu huyo amwelekeze faraghani, ili asione aibu kuuliza mbele ya wote.

Eleza masharti mapema, kwa maneno machache: tunacheza saa ngapi, hadithi imefika wapi, nini hakiruhusiwi. Umri wa wachezaji nao uwekwe wazi.

Mpe mhusika wake kazi tangu siku ya kwanza. Abebe barua, alinde lango, awe shahidi wa wizi. Katika kuigiza, kumtenga mtu ni rahisi kuliko kumfukuza: anaandika kwamba mhusika wake ameingia sokoni, na hakuna anayemjibu. Basi mjibuni. Sentensi moja, "Karibu, unatoka wapi?", inatosha kumwingiza kwenye hadithi.

Wekeni utaratibu wa mtandao kukatika. Aliyepotea ghafla asubiriwe au mhusika wake apumzishwe, na akirudi asiulizwe kwa ukali.

Pangeni alama ya kusimamisha. John Stavropoulos, mchezaji wa Marekani, alieneza matumizi ya kadi yenye herufi X. Jambo likimuumiza mtu, kwa mfano hadithi ya ubakaji au kifo inapomgusa aliyepitia hayo, anaonesha kadi, na kundi linabadilisha mkondo bila kumdai maelezo. Mtandaoni inatosha kuandika X.

Mwenye matusi aonywe na msimamizi waziwazi, na akirudia atoke. Mkimvumilia mmoja anayetukana, mtapoteza watano walionyamaza.

Karibu yenye macho

Kukaribisha hakumaanishi kuacha mlango bila mlinzi. Mtandaoni wapo wanaojifanya watoto ilhali ni watu wazima. Anayeanza kuuliza shule unayosoma, kuomba picha, kutaka mzungumze pembeni kwa siri au kuahidi zawadi na pesa, huyo si wa kupewa jembe. Mzuie kwenye simu, mripoti kwa msimamizi, na hifadhi picha ya mazungumzo kama ushahidi. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bila malipo.

Kipindi cha majaribio cha Starlight kilisaidia pande zote mbili. Mgeni alipata muda wa kuwazoea wenyeji, na wenyeji walipata muda wa kumjua.

Na wewe mzazi

Namrudia yule mama. Nilimwomba asianze kwa kumnyang'anya kijana simu wala kumwambia kwamba ni gemu tu. Akae naye, amuulize mhusika wake anaitwa nani, kazi yake ni nini, na rafiki yake ndani ya gemu ni yupi. Akipata majibu hayo atajua mwanawe amepoteza nini. Atajua pia kama waliomtoa ni watoto wenzake waliokosana, au kuna jambo jingine linalohitaji mtu mzima. Muda wa kulala, wa shule na wa kazi za nyumbani ubaki palepale.

Wazazi wa Mats waliwajua marafiki wa mwanao kupitia barua za rambirambi. Sisi tunaweza kuuliza mapema, jioni hii, wakati chakula kikiwa bado jikoni.

Siku tatu baadaye mama alituma ujumbe mwingine. Kijana alikuwa ametolewa kwa sababu mtandao ulimkatikia mara mbili katikati ya pambano. Sasa ameanzisha kikundi chake na wenzake wanne wa kijijini, na sharti la kwanza waliloandika linasema: mtandao ukimkatikia mtu, tunamsubiri.